Wanaosoma Taya

Katika taya la chini, karibu na ncha za mizizi ya magego madogo yanayofuata chonge, kuna tundu ndani ya mfupa. Kila mtu analo, kulia na kushoto. Humo hupita neva inayoupa mdomo wa chini na kidevu hisia zake. Kwenye picha ya eksirei tundu hilo huonekana kama doa jeusi la mviringo, na mara nyingi doa hilo huangukia pale pale kwenye ncha ya mzizi. Usaha unaokula mfupa kwenye ncha ya mzizi nao huonekana kama doa jeusi la mviringo. Daktari mwenye foleni ndefu mlangoni, mgonjwa wake akilalamikia maumivu ya upande huo, anaweza kulitoboa jino zima kabisa, au kuling'oa.

Mtaalamu wa radiolojia ya kinywa na uso halikodolei macho doa lenyewe. Anaanzia pembeni. Mzizi wenye afya umezungukwa na mstari mwembamba mweusi, nao ni nafasi ya nyuzi zinazolishikilia jino, upana wake kama sehemu mbili za kumi za milimita. Nje ya mstari huo upo mwingine mweupe, ukuta wa mfupa mgumu uitwao lamina dura. Anaifuata mistari hiyo miwili kutoka shingoni mwa jino, anateremka nayo upande mmoja, anaizunguka ncha, anapanda nayo upande wa pili. Ikiwa haikukatika popote, doa lile si la jino. Akibaki na shaka anaomba picha ya pili, chombo cha mionzi kikiwa kimesogezwa kidogo. Aliyewahi kupanda basi kutoka Moshi kwenda Arusha anaijua kanuni yenyewe: miti ya kando ya barabara hurudi nyuma, mlima Kilimanjaro huonekana ukienda naye. Tundu la neva liko upande wa shavu, karibu zaidi na chombo kuliko ulivyo mzizi. Kwa hiyo chombo kikienda mbele, doa hurudi nyuma na kujitenga na jino. Usaha ulioshikana na mzizi haujitengi nao. Charles Clark aliieleza mbinu hii mwaka 1910, na hadi leo hakuna mashine iliyoifanya isiwe na maana.

Kinachonivuta katika kazi hii si mashine zake, ingawa ni za ajabu. Kinanivuta kwa sababu ustadi wake mkubwa ni kuujua uzima. Kuyatambua maradhi ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kulitetea jino, mfupa au tezi isiyo na kosa lolote mbele ya sindano na kisu. Matunda ya nusu hii hayaonekani. Mtu ambaye hakupasuliwa bila sababu hajui kwamba yuko daktari aliyekaa mbele ya skrini kwa ajili yake, akarudia kutazama, akaandika kwamba hapa hakuna ugonjwa. Hawezi kwenda kumshukuru. Pengine hajawahi hata kusikia kwamba kuna daktari wa namna hiyo.

Madaktari wenyewe walichelewa kumpa nafasi yake. Wilhelm Röntgen aliigundua mionzi ya eksirei mjini Würzburg, Ujerumani, mwezi Novemba 1895, na mwezi Januari 1896 Otto Walkhoff, daktari wa meno wa Braunschweig, alikuwa tayari amejipiga picha ya meno yake mwenyewe, akivumilia kukaa kimya kwa dakika 25. Lakini chama cha kimataifa cha wataalamu wa fani hii kilizaliwa mwaka 1968 tu, Santiago, Chile, na Marekani iliitambua rasmi kuwa ubingwa wa udaktari wa meno mwaka 1999. Zaidi ya karne nzima watu walipiga picha za taya kabla ya kukubali kwamba kuzisoma ni kazi inayojitosheleza.

Anayeisomea huwa ameshahitimu udaktari wa meno, kisha huongeza miaka miwili au mitatu. Hujifunza fizikia ya mionzi, kwa sababu asiyejua picha ilivyotengenezwa hawezi kujua picha inamdanganya wapi. Hujifunza patholojia. Hujifunza kusoma CT, MRI na ultrasaundi za kichwa na shingo, maana kifundo cha taya kina kisahani laini ambacho eksirei haikioni, na tezi za mate hazina mfupa. Lakini sehemu kubwa kuliko zote, na ndiyo inayochosha, ni kutazama taya za watu wazima wa afya, moja baada ya nyingine, mpaka jicho lizoee upana wa kile kinachoitwa kawaida.

Na kawaida ni pana mno. Taya la mtoto wa miaka sita limejaa meno mawili mawili, ya utoto yakiwa juu na ya ukubwani yakisubiri chini yake, kila moja ndani ya kifuko cheusi ambacho kwa mtu mzima kingetia hofu. Taya la bibi aliyepoteza meno yote limepungua kimo mpaka neva inakaribia ufizi. Vijiti vya mfupa ndani ya taya la mtu mmoja ni vinene na vichache, la mwingine vyembamba na vingi, na wote wawili ni wazima. Kwa mwenye selimundu, ugonjwa tunaoujua sana huku kwetu hasa maeneo ya Ziwa Victoria, uboho hupanuka kwa kufanya kazi kupita kiasi, na vijiti hivyo hujipanga kama vipandio vya ngazi katikati ya mizizi. Mtaalamu lazima azijue sura hizi zote kabla ya kuruhusiwa kusema neno "uvimbe".

Utaratibu wa kusoma ni wa kuheshimika. Taa za chumba hupunguzwa. Picha hutazamwa yote, kutoka ukingo hadi ukingo, kwa mpangilio ule ule kila siku: vifundo vya taya, mfupa wa taya la chini na gamba lake, mifereji ya neva, sinasi, taya la juu, kisha ndiyo meno, jino kwa jino. Jino linalouma, lile lililomleta mgonjwa, wengi huliacha mwisho kwa makusudi. Sababu yake imethibitika kwa wasomaji wa picha wa kila fani: jicho likishapata kitu cha kwanza huridhika na kuacha kutafuta. Kuna tundu kwenye gego, sawa. Na kule nyuma, chini ya sikio, kuna kitu kikubwa zaidi ambacho hakikutazamwa. Mpangilio huo ndio unaomlinda mgonjwa dhidi ya furaha ya daktari aliyepata jibu mapema.

Kisha huandika, na hapa ndipo ninapostaajabu zaidi. Ripoti nzuri haianzi na jina la ugonjwa. Inaanza na mahali, ukubwa na umbo. Halafu kingo: je, zina mstari mweupe unaozizunguka, dalili ya kitu kinachokua polepole mpaka mfupa ukapata nafasi ya kujijengea ukuta? Au zimeraruka na kuyeyuka ndani ya mfupa, dalili ya kitu kisichoupa mfupa nafasi? Halafu ndani: weusi mtupu, au kuta nyembamba zinazougawa vyumba? Mwisho ni majirani: mizizi imesukumwa au imeliwa, mfereji wa neva umeshuka, gamba la taya limevimba kuelekea shavuni? Jina huja baada ya yote hayo, na mara nyingi huja na mengine mawili yanayowezekana.

Tazama ameloblastoma, uvimbe wa taya ambao hospitali za Afrika Mashariki huupokea mara nyingi, aghalabu ukiwa umeshakua kwa miaka na uso umepinda. Hauenei mwilini kama saratani nyingi, lakini huula mfupa na hujipenyeza zaidi ya pale jicho linapouona mwisho wake, ndiyo maana wapasuaji hukata na kipande cha mfupa unaoonekana mzima. Kwenye picha mara nyingi huwa na vyumba vingi, huikata mizizi ya meno kana kwamba kwa kisu, na hulitanua taya kwenda nje. Ipo pia sisti, yaani uvimbe wa kifuko, iitwayo keratosisti ambayo inaweza kukaa mahali pale pale, ukubwa ule ule, lakini hupenda kutambaa kwa urefu ndani ya uboho bila kulivimbisha taya sana. Mgonjwa wa ameloblastoma huenda akahitaji kuondolewa sehemu ya taya, wa keratosisti huenda akatibiwa kwa upasuaji mdogo zaidi. Kipande cha nyama kinachopelekwa maabara ndicho huamua, lakini ni picha inayomwelekeza mpasuaji akikate wapi na ajiandae kwa nini.

Na lipo doa jeusi jingine karibu na pembe ya taya la chini, chini ya mfereji wa neva, lenye ukingo mweupe safi. Edward Stafne wa Mayo Clinic, Marekani, alilieleza mwaka 1942. Linaonekana kama sisti kwa kila namna, ila si ugonjwa: ni bonde tu katika mfupa, ambamo kwa kawaida tezi ya mate imejilaza. Halihitaji tiba. Asiyelijua atapasua na kukuta hakuna kitu. Anayelijua anatazama jambo moja, kwamba liko chini ya neva, mahali ambapo maradhi yanayotokana na meno hayazaliwi, na anaandika sentensi moja inayomrudisha mtu nyumbani.

Mfano mkubwa zaidi wa kusoma taya umetoka katika ardhi yetu. Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago, Kampala, daktari mpasuaji Denis Burkitt aliitwa na mwenzake Hugh Trowell kumtazama mtoto wa kiume aliyevimba taya zote mbili, pande zote mbili. Jipu halivimbishi pembe nne kwa pamoja. Saratani alizozijua hazifanyi hivyo pia. Wiki chache baadaye, akiwa katika hospitali ya Jinja, alichungulia dirishani akamwona mtoto mwingine amekaa kwenye majani, uso umevimba vile vile. Burkitt alikuwa amepoteza jicho moja utotoni. Kwa lile lililobaki aliona kwamba uvimbe wa taya hizi na uvimbe wa tumboni aliokuwa akiukuta kwa watoto hao hao ni ugonjwa mmoja. Aliuandika mwaka 1958. Mwaka 1961, pamoja na madaktari Ted Williams na Cliff Nelson, aliendesha gari kilomita zipatazo 16,000 kutoka Uganda kuelekea kusini mwa Afrika, akiuliza hospitali baada ya hospitali kama wanawajua watoto wa namna hiyo. Ramani iliyotoka ilifuata joto na mvua, yaani ilifuata malaria. Mwaka 1964, katika seli zilizotokana na uvimbe huo, Anthony Epstein na wenzake Yvonne Barr na Bert Achong walitangaza kirusi cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu.

Msomaji wa picha ana neno lake katika habari hiyo. Limfoma ya Burkitt, kama ugonjwa huo unavyoitwa leo, ni miongoni mwa saratani zinazokua haraka kuliko zote. Inaweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja au mbili. Kwenye eksirei ya mtoto, ule mstari mweupe niliousema, lamina dura, ni kati ya vitu vya mwanzo kutoweka. Vifuko vya meno ya ukubwani hupoteza kuta zao, vichipukizi vya meno husukumwa kutoka mahali pake, na meno ya utoto hubaki yakielea pasipo mfupa chini. Mzazi huja akisema meno ya mtoto yanalegea. Kulegea kwa meno ya mtoto wa miaka sita ni jambo la kila siku, na hapo ndipo hatari ilipo. Anayejua kuutafuta mstari uliokosekana anampeleka mtoto kwenye dawa wiki hiyo hiyo, na ugonjwa huu unaitikia dawa vizuri ukiwahiwa. Mstari wenye unene usiofika milimita moja, kutokuwepo kwake kukisomwa mapema, unaweza kuwa ndio uhai wa mtoto.

Ustadi hauko kwenye kusoma tu. Uko kwenye kupiga pia. Wengi wetu tumewahi kusimama ndani ya ile mashine inayozunguka kichwa, inayotoa picha ya taya zote kwa mkupuo, ambayo hospitalini huitwa OPG. Ilitokana na kazi ya Yrjö Veli Paatero wa Helsinki, Finland, katika miaka ya 1940 na 1950. Chombo cha mionzi hupita nyuma ya kichwa na kipokezi hupita mbele, kwa mwendo uliopangwa ili ukanda mmoja tu wenye umbo la kiatu cha farasi, ule yalimo meno, uonekane wazi. Vilivyo nje yake hufifia. Kidevu kikiinamishwa mno, safu ya meno hupinda kupita kiasi. Ulimi usipobanwa juu kwenye kaakaa, hewa huchora mkanda mweusi unaofunika mizizi ya juu. Na hereni iliyosahaulika sikio la kulia huonekana mara mbili: pale ilipo, na tena upande wa kushoto, juu zaidi, kubwa na yenye ukungu. Wataalamu huiita picha hiyo ya pili mzimu. Mteknolojia anayemwomba dada wa Mombasa au Unguja kwa adabu atoe kipini, hereni na pini za mtandio, kisha akamkumbusha kubana ulimi, ameshafanya nusu ya uchunguzi kabla hajabonyeza kitufe. Picha ikiharibika hurudiwa, na kurudia ni mionzi mara ya pili.

Kuhusu mionzi, fani hii ililipa gharama yake mwanzoni. C. Edmund Kells wa New Orleans, aliyekuwa miongoni mwa wa kwanza kupiga picha za meno za wagonjwa huko Marekani mwaka 1896, aliupima ubora wa chombo chake kwa kuuweka mkono wake kwenye mionzi siku baada ya siku. Alipata saratani ya mkono, akakatwa vidole, kisha mkono, na mwaka 1928 akajitoa uhai. William Rollins, daktari wa meno wa Boston, alikuwa ameonyesha tangu 1901 kwa simbilisi kwamba mionzi hiyo inaua, akashauri chombo kizungushiwe ngao na mwale uelekezwe pale tu panapohitajika. Wachache walimsikia wakati huo. Leo picha moja ya OPG humpa mtu kati ya maikrosiviti 3 na 24 hivi, sawa na mionzi ya asili ya nusu siku hadi siku nne hivi, kwa kuwa wastani wa dunia wa mionzi ya asili ni milisiviti 2.4 kwa mwaka. Kiasi ni kidogo. Hata hivyo swali la kwanza la mtaalamu mzuri ni lile lile: je, picha hii itabadilisha tiba? Kama haitabadilisha, haipigwi.

CT ya koni, ambayo watafiti wa Verona, Italia, waliiandikia mwaka 1998, imeongeza uwezo na imeongeza wajibu. Inaonyesha taya katika pande tatu kwa vipande vyembamba hata chini ya milimita, na mpasuaji anayeondoa gego la mwisho anaweza kujua kama mzizi umeikumbatia neva. Lakini aliyeomba picha kwa ajili ya gego moja amepewa pia sinasi, uti wa shingo na njia ya hewa. Fani imekubaliana kwamba chote kilichomo kwenye picha lazima kisomwe na mtu. Hata kwenye OPG ya kawaida, mwaka 1981 Arthur Friedlander na mwenzake walionyesha kwamba chokaa iliyoganda kwenye mishipa mikubwa ya damu ya shingo inaweza kuonekana chini ya pembe ya taya. Mtu alikwenda kwa ajili ya meno bandia, akatoka na barua ya kumpeleka kwa daktari wa moyo na mishipa.

Huku kwetu Tanzania, Kenya na Uganda, vyuo vya Muhimbili, Nairobi na Makerere vinafundisha madaktari wa meno, na mashine za OPG zimeingia hata katika kliniki binafsi za miji ya mikoani. Mabingwa wa kuzisoma ni wachache mno. Kwa kawaida daktari aliyeomba picha huisoma mwenyewe, dakika mbili, mgonjwa akiwa bado kitini. Simlaumu, maana ana ufizi wa kutibu na meno ya kuziba. Lakini tumenunua macho bila kununua usomaji, na hilo linarekebishika: picha za siku hizi ni za kidijitali, na bingwa mmoja aliyeko Dar es Salaam anaweza kusoma za Songea na Kigoma siku ile ile zilipopigwa. Mwanafunzi wa udaktari wa meno mwenye subira, anayependa kuandika sentensi iliyo sahihi kuliko kusifiwa, aifikirie fani hii kwa uzito. Nafasi ipo na kazi ni nyingi.

Nawe msomaji, kama umewahi kupigwa picha ya taya, iombe na uitunze, ya karatasi au ya kwenye simu, na uende nayo kila unapokwenda kwa daktari wa meno, hata akiwa mpya. Doa lililokuwa hivyo hivyo miaka mitano iliyopita karibu kila mara si la kukatwa, na hakuna bingwa anayeweza kulijua hilo kwa picha ya leo peke yake.